Keria ya Bunduki

Dionisi, fundi baiskeli wa Ifakara, ana ugonjwa mmoja: hajui kusema "hii siiwezi". Mpelekee pasi iliyoungua, ataifungua. Mwambie jino linakuuma, kaa mbali na koleo lake! Na chanzo cha ugonjwa huo ni Mama Yosefina wa Mchombe, mama mkwe wake, ambaye tangu siku ya posa anasema binti yake ameolewa na pampu.

Asubuhi moja akaja Remigius, askari wa wanyamapori anayelinda mashamba ya Mchombe, na bunduki isiyo na risasi. Juu yake ilikaa darubini ya joto, ile inayomwonyesha kiboko aking'aa gizani. Betri yake ilikuwa imechoka. Ikiwaka nusu saa inazima, na viboko wanaendelea kula mpunga, wa Mama Yosefina ukiwa wa kwanza.

"Nifungie pawabenki hii kwenye bunduki, iwe inaipa moto darubini," alisema. "Utaweza?"

"Unaniuliza mimi? Kaa hapo."

Remigius alikaa kwenye benchi, kashika mtutu, na kwa uchovu wa zamu akaanza kukoroma. Dionisi akabaki na kitako cha bunduki. Sasa mtu wa Ifakara ukimpa mzigo, atauweka wapi? Nyuma, kwenye keria! Akakunja nondo nyembamba, akaibana kitakoni, akaikaza pawabenki kwa mpira wa tyubu mpaka ikatulia, akavuta waya hadi kwenye darubini. Akamalizia na kengele, maana kwake kila anayefungiwa keria hupewa kengele bure, na askari naye ni mteja.

Remigius alishtuka saa nane mchana. Akaona darubini inawaka, akampakia fundi kwenye pikipiki, hao Mchombe.

Mama Yosefina alikuwa shambani na majirani. Dionisi akachuchumaa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umetuletea nini tena?"

Remigius akainua bunduki. Keria ikamgonga taya. Akajaribu tena, kitako hakikufika begani, kengele ikalia kring!

"Fundi, bega langu nilipeleke wapi?"

Jirani mmoja, Lukelo, alianguka kwenye mpunga kwa kicheko. "Ongeza na siti ya abiria! Kweli yule binti kaolewa na pampu!"

Dionisi alitamani tope limmeze. Alitaka kitu kimoja tu, mama huyu amwone naye ni mtu.

"Lukelo!" Mama Yosefina alifoka. "Unamcheka nani? Huyo ni mkwe wangu mimi! Wa kumcheka ni mimi peke yangu!"

Akamgeukia Dionisi, akageuza ndoo chini juu. "Mwanangu, kaa hapa ufunge upya. Huko mbele chini ya mtutu si kuna mbao tupu, huioni?"

Mwanangu! Miaka tisa ya ndoa, hakuwahi kuitwa hivyo. Dionisi akang'oa keria, akaifunga pawabenki kwenye mbao ya mbele, akapandisha waya. Remigius akaweka bega, akatazama mtoni. "Viboko wanne," alisema. Lisaa zima likapita, darubini haijazima.

Majirani walipoondoka, Mama Yosefina aliiokota ile keria, akaitazama mbele na nyuma, kisha akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Dionisi alikaa palepale kwenye ndoo, akamwacha acheke anavyotaka.