Neno Lililochana Kitenge

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya soko vizuri kuliko hata siku niliyoolewa, na siku hizo mbili zilifuatana kwa karibu. Nakusimulia kwa sababu nimesikia umeanza kununua maharage huko Murungu na kuyauza Kasulu mjini, na juzi nilikusikia kwenye simu ukipatana. Unaongea haraka mno. Unasema "bei ya mwisho hiyo, kama hutaki acha", wala husubiri mwenzio apumue.

Mimi na mama yangu tulitoka nyumbani Makere na madebe mawili ya maharage, kila mmoja na lake kichwani, tukaenda kwenye soko la pamoja karibu na kambi ya Nyarugusu. Debe moja lilikuwa la kubadilishana na kitenge atakachovaa mama kwenye harusi yangu. La pili lilikuwa la mafuta, chumvi na sabuni. Pesa hatukuwa nazo, na wala hatukuona aibu. Pale watu walibadilishana vitu kwa vitu, na maharage ya Makere yalijulikana kwa kuwa safi, hayana mawe. Mama yangu alikuwa hodari wa kupatana, nakwambia kifua mbele. Ila Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, nusu Kiha.

Tulimkuta mama mmoja mkimbizi kutoka Kongo, wakimwita Mama Furaha, amekaa na kitenge kimoja tu mapajani. Hakuwa mchuuzi. Kitenge kilikuwa chake, kizima, hakijaguswa na mkasi, alichokimbia nacho kutoka kwao. Mgao wa chakula ulikuwa umechelewa kambini na watoto wake walikuwa na njaa.

"Mama, hii ni kikwembe ya muzuri, haina hata tundu," alisema. "Unipatie madebe yote mbili."

Mama akakishika, akakigeuza, akakunja uso kama inavyotakiwa. Nilimjua, alikuwa amekipenda mpaka moyoni.

"Gabanya, mawe," akasema. "Gabanya."

Wewe umezaliwa ukisikia Kiha, unajua alichotaka. Alisema punguza, mama, punguza, maana mawe kwetu ni mama. Lakini Mama Furaha alisikia gawanya. Na ukifikiria, angesikia nini kingine? Aliona huyu mteja anataka kutoa debe moja, basi anahitaji nusu ya nguo. Alikitazama kitenge chake kwa muda. Halafu akang'ata ukingo kwa meno, akakivuta kwa mikono miwili, kikachanika katikati mpaka mwisho.

"Bon, haya. Nimegawanya," akasema, na machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

Nilikuwa na Kiswahili cha shule, nikaelewa papo hapo. Nikamweleza mama kwa Kiha, nikamweleza Mama Furaha kwa Kiswahili, wote wawili wakashika vichwa. Kitenge kizima kilikuwa na thamani yake, lakini vipande viwili nani angevitaka? Na yule mama angerudi kwa watoto na nini?

Muuza chumvi aliyekuwa jirani akatucheka. "Ondokeni zenu, bwana. Kachana mwenyewe."

Mama alimgeukia. "Amechana kwa sababu mimi nimesema. Neno ni langu."

Akasogeza debe la pili likakaa pamoja na la kwanza mbele ya Mama Furaha. Mwanangu, nilijivunia kuzaliwa na mwanamke yule, na bado najivunia leo.

Unadhani mambo yaliisha? Mama Furaha naye alikuwa na heshima yake. "Hapana, mama," akasema. "Siwezi kukuuzishia nguo ya kupasuka bei ya nzima. Unipatie debe moja."

"Mawili."

"Moja, na uniongezee kidogo tu."

"Mawili!"

Muuzaji anashusha, mnunuzi anapandisha! Watu wakatuzunguka wakicheka, na mimi katikati natafsiri huku jasho linanitoka. Hata yule wa chumvi aliacha biashara yake akaja kusikiliza. Mwishowe mama akaniambia nitafsiri polepole, asije mtu akachana kitu kingine.

"Mwambie achukue debe moja na nusu, na nusu ya kitenge abaki nayo. Nusu nyingine ni yangu. Siku ya harusi aje, tuvae sare."

Mama Furaha alinitazama kuhakikisha hajasikia vibaya tena. Nikarudia. Akacheka, akalia, akampa mama mkono.

Alipata kibali cha kutoka kambini, na siku ya harusi akaja. Wageni walipoona amevaa sare na mama wa bibi harusi wakauliza huyu ni dada yake wa wapi. Mama akajibu, "Wa sokoni," akaendelea kugawa chakula. Mafuta yalipungua kidogo siku hiyo, maana tulibaki na nusu debe tu la kuyabadilishia, na hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Patana, bishana, kunja uso hata kama mzigo umeupenda, maana hiyo ndiyo raha ya soko na sisi tunaijua. Lakini kabla hamjapeana mikono, muulize mwenzio amesikia nini. Kasulu hii ina Waha, ina Warundi waliopata uraia, ina Wakongo wa kambini, na nyinyi vijana mna Kiswahili chenu cha redioni ambacho mimi kinanipita. Na neno lako likimletea mtu hasara, usitafute mashahidi wa kukutetea. Sema ni langu, ulilipie, na umwachie naye nafasi ya kukataa, kwa sababu na yeye ana heshima yake.

Mungu aubariki ulimi wako, ueleweke hata kwa mgeni. Na siku utakapooa, akujalie mtu wa sokoni wa kuvaa sare na mama yako.