Siku Mama Alipovuka Uzio wa Gaspari

Mawese yakichemka hutoa harufu nzito inayoshika nguo na nywele, na kule Rumonge, kusini ya Bujumbura, tulikokulia hakuna aliyeitambua tena, maana karibu kila uwanja ulikuwa na pipa lake juu ya moto. Mimi niliitambua siku ilipotoweka. Ilikuwa mwaka 1972. Mapipa ya mtaa wetu yalipoa, mikungu ya chikichi ikaoza chini ya miti, na upepo wa ziwani ukawa hauleti kitu ila harufu ya maji.

Nilizaliwa mwaka wa Uhuru, kwa hiyo nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa mwalimu. Asubuhi waliyomchukua alikuwa amekaa barazani akisahihisha madaftari ya watoto ambao hawakuwa wakija shule tena. Wanajeshi, waliokuwa wakikamata walimu na wasomi, hawakuijua nyumba yetu. Aliyewaonyesha alikuwa Gaspari, fundi cherehani, jirani yetu wa uzio mmoja, yule aliyenishonea gauni la komunyo. Alinyoosha mkono kuelekea mlango wetu, kisha akatazama chini. Baba alifunga kamba za viatu vyake bila haraka, akamwambia Mama, "Nakuja." Lori likashika njia ya Bujumbura. Hakurudi, na hadi leo hatujaonyeshwa kaburi.

Dada yangu Leokadia, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alipigilia misumari dirisha lililotazama kwa Gaspari. Mama hakumzuia. Mama hakumzuia mtu yeyote kwa jambo lolote siku zile. Alikaa jikoni mikono ikiwa mapajani, uji ukiungua mbele yake, na mimi niliogopa kumgusa kwa sababu nilidhani naye angeondoka. Tulikula muhogo mkavu. Tuliposikia gari, sote watatu tuliacha kutafuna.

Mvua zilipoanza tena, mchana mmoja, Gaspari alisimama uani kwetu. Alikuwa amelowa na amekonda. Mama alikuwa mkunga, na wakunga wengine wawili wa mtaa walikuwa wamekimbilia Kongo kwa mitumbwi.

"Mama Leokadia," alisema, "bibi yangu iko nakufa. Mutoto amekataa kutoka tangu jana."

Leokadia alitoka na mchi mkononi. "Afe!" alisema. "Wafe wote wawili, nawe ubaki uone!"

Gaspari alipiga magoti kwenye matope. "Walinishika shingo. Walisema nisipoonyesha, watanichukua mimi na—"

"Nyamaza," Mama alimkata. Ilikuwa mara ya kwanza kwa majuma mengi kusikia sauti yake ikiwa na nguvu. "Hayo sitaki kuyasikia leo. Kachemshe maji."

Alinawa mikono, akachukua kitambaa chake cha kazi, akaniambia nimfuate. Tulipopita kwenye uzio nilimwona akitetemeka mwili mzima, hata meno. Nilimwuliza kama anasikia baridi. "Nasikia hasira," alijibu, na hakusimama. Ndani mle alifanya kazi hadi jua likaanza kushuka juu ya milima ya Kongo. Mtoto alitoka wa kike, wa buluu, na Mama akampulizia pumzi mdomoni mpaka akalia. Mke wa Gaspari alishukuru kwa sauti iliyokatika, "Murakoze, Mama." Mama alikunja kitambaa chake, akatoka. Aliporudi nyumbani alitapika nyuma ya jiko. Kisha, akiwa ameegemea ukuta, akamlilia Baba kwa sauti, kwa mara ya kwanza.

Sisemi kwamba alisamehe siku ile. Ilimchukua miaka. Kwanza alianza kuitikia salamu yao, baadaye akampa yule mtoto ndizi, na siku moja nikamkuta uani amekaa na Gaspari wakimenya maharage. Nilipomwuliza anawezaje, alisema, "Nimechoka kumbeba Gaspari moyoni. Baba yako namwachia nafasi yote." Tangu hapo alikula, akanenepa kidogo, akacheka. Aliishi hadi akasahau majina yetu.

Leokadia aliolewa Nyanza-Lac, na kila alipokuja kututembelea alizunguka njia ya nyuma. Alikuwa na kichwa kisichoacha kuuma na tumbo lisilopokea chakula, na waganga na madaktari wote walimchoka. Alimwambia Mama, "Wewe ulimuuza Baba mara ya pili." Alikufa kabla ya Mama. Mama ndiye aliyemwosha.

Nami? Nilidhani nimesimama upande wa Mama, maana nilimfuata siku ile nikabeba maji. Lakini sasa nimempita umri aliokuwa nao alipovuka ule uzio, Gaspari mwenyewe amekwisha kuzikwa, na bado nikiona mtu akinyoosha mkono kumwelekeza mgeni njia, nageuka na kurudi nilikotoka. Nimemsamehe asubuhi nyingi. Jioni huwa nimeshamrudisha. Mwezi uliopita muuguzi kijana wa zahanati alinifunga kitambaa cha kupima presha, akatazama, akapima tena. "Ee, Mama," alisema kwa upole, "nani amekuudhi wiki hii?"

"Si wiki hii, mwanangu," nilimwambia, nikashusha mkono wa gauni.