Mji Nilioutoa Kwihara

Juzi nilikwenda kijijini kwetu Kwihara kuwasalimu waliobaki, nikarudi Dar na aibu ambayo hata mume wangu sijamwambia. Wewe nakwambia.

Nililelewa pale na marehemu bibi, mzaa mama. Jua likishazama sisi wajukuu tulikaa mkekani kumenya karanga, moshi wa kuni ukituwasha macho, naye anaanza, "Kitendawili!" Tunaitikia "Tega!" mpaka mbwa wanabweka. Mchana hategi ng'o. Alisema anayetega mchana hupotelewa na ng'ombe, na sisi hata mbuzi hatukuwa naye. Ukishindwa kufumbua, unatoa mji ndipo upewe jibu. Nilitoa Tura, nikatoa Puge, yote ikaliwa. Maana bibi akipewa mji huuingia kwa mbwembwe: "Nilikwenda Tura, nikachinjiwa mbuzi, nikatandikiwa kitanda, nikamkuta huyu mjukuu wangu mlangoni anaomba maji!" Tulicheka hadi karanga zinamwagika. Lo, bibi yule! Vitendawili alitunga mwenyewe. Vya kila mtu aliviita makapi.

Basi safari hii nikafikia kwa jirani yake, mzee sasa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku kanishika mikono yote miwili. Jioni akatuwekea chakula, akawaita wajukuu zake: "Huyu ndiye mjukuu wa bibi wa vitendawili. Leo mtategewa na mwenyewe."

Watoto wakasogea. Nikafungua kinywa. Haki ya Mungu, moshi naukumbuka, karanga nazikumbuka, kitendawili cha bibi hata kimoja sikikumbuki! Nikatega kile cha nyumba isiyo na mlango. Sijamaliza, wote wakapiga kelele, "Yai!"

Binti mmoja mdogo akanionea huruma. "Basi shangazi, nikutegee mimi. Amefia juani, kafufukia chunguni."

Nikasema mbegu. Nikasema kinyonga. Wakaangua kicheko. "Toa mji!"

Nikatoa Dar es Salaam. Binti akasimama, mkono kiunoni: alikwenda Dar, akala wali kwa samaki, akanikuta mimi nimesimama nje ya geti, nimesahau kwetu. Kisha akanyoosha kidole kwenye sahani yangu. Michembe! Vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa vikauke, halafu vinachemshwa. Nilikuwa na kipande mdomoni.

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza.

Jirani ndiye aliyejibu, taratibu, bila kunitazama. "Cha bibi yako hicho, mwanangu. Tunavyo vyote."

Miaka yote hii huku mjini, watu wakikaa kulalamika, mimi ndiye wa kwanza kusema vitendawili vimekufa, watoto wa siku hizi ni simu tu. Kumbe Kwihara vinategwa kila jioni, na watoto ambao si damu ya bibi wanavijua kwa moyo. Wanangu wawili mimi, ukiwaambia "Kitendawili!", watakuuliza, "Ndiyo nini, mama?"