Choo cha Rakuni kwenye Rundo la Kuni

Majira ya joto ya mwaka niliotimiza miaka kumi yananukia ukoko wa ugali uliolowekwa. Mama akishapakua alimimina maji kwenye sufuria, na baada ya saa moja ukoko ulibanduka wote kwa pamoja, ukiwa na harufu ya moshi na uchachu kidogo. Kwao Kigoma ulikuwa chakula cha kuku. Huku ughaibuni, mtaani Agincourt, tulikopanga nyumba ndogo yenye ua nyuma, kuku hatukuwa nao, lakini kutupa chakula kwenye pipa la taka kulimshinda. Akanipa kazi: kila jioni niuweke kwenye sahani ya bati mwisho wa ua, karibu na uzio, ndege wale.

Ndege hawakuutaka. Walikuja rakuni, wanyama wa ukubwa wa paka aliyenenepa, mikia yenye pete, na weusi kuzunguka macho kana kwamba wamevaa miwani. Mama alimwona mmoja akacheka. "Fungo huyo! Kumbe hata huku wapo? Mwache ale, naye ana watoto." Mimi nilivutiwa na mikono yao, jinsi walivyopapasa ukoko kwa vidole kama mtu anayechambua mchele. Ili niwaone vizuri, nikaisogeza sahani bila ruhusa hadi kwenye rundo la kuni la mwenye nyumba, hatua chache kutoka dirisha la jikoni. Nikawa naandika daftarini: tarehe, saa, wamekuja wangapi. Siku ya tano niliandika kwamba wamejisaidia juu ya magogo. Siku zilizofuata niliandika kwamba wanarudi palepale, kama watu wenye choo chao. Sikumwambia mtu, kwa kuwa ningeulizwa sahani imefikaje huko.

Mdogo wangu Baraka alikuwa na mwaka mmoja na nusu, umri wa kutia kila kitu mdomoni. Asubuhi moja jirani yetu Bi Nasim, Mwismailia aliyekulia Tanga na aliyefanya kazi kwenye duka la dawa, alipita kutuletea kachori, akamkuta Baraka ameketi kando ya rundo akitafuna gome. Akamtia kidole mdomoni, akalitoa.

"Mama Zawadi! Mwanao kageuka mchwa, anakula kuni!" Kisha akaona kilichokuwa juu ya magogo, na utani ukamwisha. Alieleza polepole kwamba rakuni wengi wana mnyoo tumboni usiowadhuru wao wenyewe. Mayai yake hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza, vijinyoo vinaweza kupanda hadi machoni au kwenye ubongo. "Lakini mayai hayawi ya hatari siku hiyohiyo, yanahitaji wiki mbili au zaidi. Hiki kipo hapa tangu lini?"

"Jana hakikuwapo," mama alisema. Hakukusudia kudanganya, ndivyo alivyoamini. Alikuwa akitoka mapema kwenda kuhudumia wazee, akirudi amechoka, na upande ule wa ua hakuwa na haja nao.

Mchana tulikuwa kliniki. Daktari aliuliza swali lilelile, mama akajibu vilevile, na nikaona daktari anaanza kutulia. Nikasema kwa Kiingereza, ili anisikie kabla mama hajanizuia, kwamba choo kile kilikuwa na wiki tano. Nikampa daftari.

"Zawadi, unasema nini?"

"Niliisogeza sahani, mama."

Baraka alipewa dawa ya minyoo siku hiyohiyo, kwa sababu vijinyoo vikishafika kwenye ubongo, msaada wa dawa ni mdogo. Mama hakunipiga. Kwenye kituo cha basi aliuliza jambo moja tu: "Na kama daktari asingeuliza?" Bi Nasim alivaa glavu na barakoa, akamwaga maji yanayochemka juu ya magogo ili kuyaua mayai. Kwa wiki kadhaa mama alipitisha kijiko mbele ya uso wa Baraka kila asubuhi, kushoto na kulia, akiangalia kama macho yote mawili yanakifuata. Yalikifuata. Leo ni mtu mzima, anaendesha lori, na miwani hana.

Biolojia nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba. Nimesoma kwamba panya huchokoa mbegu kwenye vinyesi hivyo, wakameza mayai, wakadhoofika, na rakuni akawala, mzunguko ukaanza upya. Msituni mambo hayo yanaendelea bila sisi. Uani kwetu tulikuwa tumeyaandalia meza, mama kwa kuheshimu chakula, mimi kwa kupenda kuangalia. Siwachukii rakuni.

Siku hizi mapipa yana vifuniko vya kufunga, na mimi ninaishi Markham, jirani na Agincourt, katika nyumba yangu mwenyewe. Mwaka huu, theluji ilipoyeyuka, nilikuta choo cha rakuni chini ya baraza yangu ya mbao. Kifuniko cha pipa langu la mboji kilikuwa kimevunjika tangu vuli, na nilikuwa nikiahirisha kukitengeneza. Ng'ambo ya uzio mfupi kuna watoto wawili wanaochezea udongo. Nilikaa kama robo saa nikijiambia kwamba ningesafisha tu, nani angejua. Kisha nikaenda kugonga mlango wao. Nilimwambia baba yao ni kitu gani, kipo hapo tangu lini, na kwamba kosa ni langu. Aliwaita watoto ndani, akafunga mlango. Baada ya muda akaja kwangu na birika la maji yanayochemka, akauliza tuanzie wapi.