Nta Niliyozibia Mashua ya Ireri

Nilitoka nyumbani Kibugu, huku juu mlimani, kwa sababu ya barua. Iliandikwa na Njiru, mwenyekiti wa chama cha wavuvi kule chini bwawani, Mbeere, ikaletwa na dereva wa lori la makaa. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hivyo nilimpa binti yangu anisomee. Alifika katikati akarudia mstari mmoja mara mbili, nikajua kuna jambo. Mashua niliyowatengenezea ilikuwa imefunguka majini, na mvuvi anayeitwa Ireri alikuwa amekufa. Jumamosi wanachama wangekaa kuamua ni kosa la nani. Mjane ndiye aliyeomba fundi aitwe.

Sasa, mimi si fundi wa mashua. Mimi nachonga mizinga ya nyuki, milango kidogo, na jeneza mtu akifiwa. Njiru alikuwa mteja wangu wa mizinga tangu zamani. Mwaka uliotangulia aliniuliza kama mtu anayeziba mzinga usivuje anaweza kutengeneza mashua. Nilisema naweza. Mashua nilikuwa nimeiona kwa mbali tu, nikiwa darajani. Lakini nilikuwa nimesifiwa, na mtu akinisifu mimi hukubali kitu chochote, hata marehemu mke wangu alikuwa akinionya. Niliiunda kwangu Kibugu, ikashushwa kwa lori.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na ule ukungu wetu wa msituni unaolowesha kofia. Nilivaa sweta na koti, nikapanda lori la majani chai hadi Embu mjini. Hapo nikapata lori la makaa. Malori hayo hupanda yamejaa na kushuka matupu, nami nikakaa nyuma juu ya magunia yasiyo na kitu. Koti nilivua tukiwa njiani. Kufika Kiritiri nilikuwa nimevua na sweta. Kama ningekuwa na akili ningeelewa mambo hapo hapo, lakini nilikuwa nafikiria maneno ya dereva. Alikuwa ameniambia watu wanasema Ireri alizoea kuburuta mashua juu ya mawe, ndiyo maana ikafunguka. Nilifurahi. Nalisema hilo kwa sababu nilifurahi kweli.

Saa nane mchana nilifika majini kwa miguu. Ni mahali pa huzuni, hata bila msiba. Miti iliyokufa imesimama ndani ya maji, myeupe kama mifupa, na mmoja bado umefungwa waya wa kuning'inizia mzinga. Njiru alinionyesha kwa fimbo mahali baba yake alipochungia mbuzi. Sasa ni maji matupu. Watu hawa walikuwa wachungaji, bwawa likawakuta hapo hapo, wakawa wavuvi kwa kukosa la kufanya. Wengi hawajui kuogelea. Ireri hakujua.

Njiru alinieleza sheria yao. Kila mwanachama ana nafasi yake ya kutega nyavu, na bila nafasi hutegi. Mtu akifa, nafasi inakwenda kwa mkewe. Lakini mtu akipoteza mashua ya chama kwa uzembe, nafasi inafungwa, hairithiwi. Nikamuuliza mjane ana nini kingine. Akanionyesha shamba lake la mtama. Mvua ilikuwa imepita mbali msimu wa pili sasa, na mabua yalikuwa yamefika magotini tu.

Jioni nilipelekwa kwa mjane kutoa pole. Anaitwa Marigu. Alikuwa ameketi nje akishona wavu, watoto watatu kando yake wakila kunde. Akaniamkia kwa heshima, akaniita baba, akaniambia sasa amepumua kwa kuwa nimekuja. Mikono yake haikuacha kazi. Alikuwa akipitisha uzi juu ya donge la njano ili uwe imara. Harufu ilinifikia kabla sijaliangalia vizuri. Mimi nimeishi na harufu hiyo miaka yote.

"Mama, nta hii umeitoa wapi?"

"Chini ya mashua. Ikianikwa juani ilikuwa inadondoka kwenye mchanga, nami naokota. Nilimwonyesha Ireri akacheka sana. Akasema mashua ya watu wa mlimani haijazoea joto, inatoa jasho."

Nilikaa. Sikuwa nimeambiwa nikae.

Huko ziwani wanakotoka mafundi wa kweli, nasikia huziba nyufa kwa pamba na lami. Mimi niliona lami ni kitu cha barabara. Nilitumia vitambaa na nta, kama mzinga. Kwetu nta ni ngumu, unaigonga na nyundo. Kwa jua la Mbeere inalegea kama siagi.

Jumamosi saa nne walikutana kwenye banda la kupimia samaki. Mashua ilikuwa hapo imepinduliwa, na kweli chini ilikuwa na mikwaruzo ya mawe. Mwanachama mmoja, Mugo, mtu wa maneno, alisema Ireri alikuwa anaburuta mashua kama mbuzi anayekataa kwenda sokoni. Wengine walicheka kidogo, halafu wakamwona Marigu, wakaacha.

Njiru akanigeukia. "Fundi, tusaidie. Ni mawe au si mawe?"

Nilipitisha kidole kwenye nyufa. Ningesema neno moja tu, mawe, nirudi kwenye mizinga yangu. Nilimwona Marigu ananitazama jinsi mgonjwa anavyomtazama daktari.

"Si mawe," nikasema. "Mawe yamekwaruza mbao tu. Mashua imefunguliwa na jua, kwa sababu niliiziba na nta. Kosa ni langu."

Mugo aliniuliza kama nimelewa. Nikamwambia aingize kucha kwenye ufa. Aliingiza, akaitoa na nta, akaitazama, akajipangusa kwenye suruali.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Njiru aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna anayepinga nafasi ya Ireri iende kwa mkewe. Hakuna aliyeinua mkono. Halafu wakatoka mmoja mmoja, wakinipita kama nguzo ya banda.

Nilianza kupanda njia ya Kiritiri peke yangu. Nilipofika kwenye kona nilisikia hatua nyuma. Ni Marigu. Nilivua kofia.

"Niliomba uitwe nikijua utasema si Ireri," akasema. "Sikujua utasema ni nani."

Akanitia lile donge mkononi. Akasema hawezi tena kushonea nalo. Akarudi chini, maana nyavu zilikuwa zinangoja, na sasa zilikuwa zake.

Jumapili mchana nilikuwa Kibugu. Watu wa kanisa waliniuliza nimejifunza nini huko. Niliwaambia kazi ya mikono yako haikai ulipo wewe, inakwenda kuishi kwa watu wengine, chini ya jua lao, na ni lazima ukalione jua hilo kwanza. Wakasema amina. Mizinga bado nachonga. Mashua sitengenezi.

Donge liko dirishani. Kila asubuhi nalibonyeza kwa kidole gumba. Hapa kwetu halibonyei.