Hatua ya Tatu na Mkwe Wangu

Nilianza kujifunza kujihami nikiwa na miaka hamsini na moja, magoti yameshaanza kulalamika, kwa sababu ya mtu mmoja aliyenishika mkono siku ya mnada wa mifugo pale Garsen. Sikumjua. Alinishika kifundo cha mkono wa kulia, akanivuta nyuma ya lori la mbuzi, akitaka mkoba. Mkoba aliupata, na ndani yake hamkuwa na kitu ila madaftari ya darasa la sita na miwani yangu ya kusomea. Lakini kilichoniuma si mkoba. Kilichoniuma ni kwamba mkono wangu, huu ninaoandikia ubaoni na kusongea sima, ulikaa tu umekufa ganzi mpaka yeye alipoamua kuuachia. Nilirudi nyumbani Minjila nikauosha kwa sabuni mara tatu, na bado nilikuwa na hasira nao.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwenye ghala la zamani la mpunga, nyuma ya soko, ambako askari jela mmoja mstaafu alikuwa akifundisha watu kujihami. Sote tulimwita sensei, yaani mwalimu kwa Kijapani. Kazi ilikuwa imemzungusha nchi nzima, na kila alikohamishwa aliokota kitu: karate mahali pamoja, judo pengine, taekwondo kwa mkubwa wake mmoja wa kazi. Alipostaafu aliyaunganisha yote yakawa mfululizo mmoja wa hatua kumi kwa watu wawili. Mmoja anashambulia, mwenzake anajiokoa, hatua ya kwanza mpaka ya kumi, kwa mpangilio ule ule. Halafu mnabadilishana. Tulifanya hivyo kila Jumamosi juu ya magunia yaliyojazwa makapi ya mpunga, hata mwili ukakariri bila kuuliza.

Nilikuwa mwanafunzi mbishi, kama walimu wengi wanavyokuwa. Karate niliiona ni ya watu wasio na subira, wanaomaliza mazungumzo kwa ngumi moja. Judo ni ya wajanja: ukisukumwa unakubali, unampisha mwenzako aanguke kwa nguvu zake mwenyewe. Na ile hatua ya nne, ya taekwondo, inataka teke lifike kifuani. La kwangu lilifika kiunoni na kuomba msamaha. Nilimwambia sensei kwamba huwezi kumfundisha mtu kukataa na kukubali ndani ya mfululizo mmoja.

"Madam," akanijibu, "hii mitindo inagombana kwa kila kitu. Lakini mkono wa kushika una mlango mmoja tu, na wote wanajua uko wapi." Akanionyesha kidole chake cha gumba.

Hiyo ndiyo hatua ya tatu. Ukishikwa kifundo cha mkono usivute nyuma. Geuza mkono uelekee kidole gumba cha aliyekushika, kunja kiwiko, toka. Ndiyo iliyonipeleka pale. Zile nyingine tisa nilizichukua kwa adabu tu.

Shida ni kwamba hakuna aliyetaka kunishika sawasawa. Wengi pale nilikuwa nimewafundisha kusoma, au nawafundishia watoto wao, wakanishika kama wanavyoshika yai. Aliyenishika kwelikweli alikuwa kijana mmoja Mpokomo, fundi wa pampu za maji, mwenye viganja vigumu kwa spana. Siku ya kwanza aliacha alama, nikamshukuru. Akawa mwenzangu. Tulifanya mfululizo ule mwaka mzima na zaidi, mimi na yeye, na Jumamosi moja alipokuwa ananishika, mkono ukatoka wenyewe kabla sijaufikiria. Nilikaa chini kwenye gunia nikalia. Yeye alichuchumaa kando mpaka nilipomaliza.

"Sasa Madam, hata mimi nakuogopa," akasema.

Wakati huo binti yangu mkubwa alikuwa na tabia ya kuja kunichukua mazoezini, akifika nusu saa mapema. Nilidhani ananipenda mimi. Harusi ilifanyika baada ya mavuno.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini kwetu Wagiriama, hasa katika ukoo wangu, mume wa binti yako hakugusi. Hakupi mkono wa salamu, haketi nawe mkeka mmoja, na mkikutana njiani anapisha pembeni. Akikugusa, hata kwa bahati mbaya, ni aibu, na aibu hiyo huondolewa kwa kumpelekea mkwe leso, ile kanga ya kujifunga, na kuku. Hata kwao Wapokomo heshima ya mkwe si jambo dogo, kwa hiyo kijana yule hakuhitaji kuelezwa. Jumamosi baada ya harusi alisimama mbele yangu, akaacha kuniita Madam akaniita Mama, akainua mkono wake, na mkono ukaishia upana wa kidole kimoja kabla ya ngozi yangu.

Tukaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Yeye anashika hewa, mimi najiokoa na hewa. Sensei alikasirika, akatuuliza kama tumekuja kucheza ngoma. Mtahini alikuwa aje kutoka Malindi mvua zikiisha, kutupima kwa mkanda wa kahawia, na sensei alituambia wazi kwamba kwa mchezo ule tutaanguka. Akajaribu kunipa mwenzangu mwingine, nikarudi kwa wale wa kushika yai. Mkanda haukunisumbua sana. Nilichoogopa ni mkono wangu kusahau, nirudi kuwa yule mama wa nyuma ya lori. Tena nilimkosa mwenzangu. Alikuwa anakula nyumbani kwangu kila Jumapili, ameketi upande wa pili wa ukuta, na nilimkosa.

Kisha mto Tana ukafurika. Maji yalikata barabara kati ya Minjila na Garsen, yakaingia mashambani, yakaingia na jikoni kwangu. Mkwe wangu akaja asubuhi na mtumbwi wa baba yake kunitoa. Niliketi mbele nimempa mgongo, kama inavyotakiwa, na yeye nyuma akisukuma kwa upondo, na njia nzima tuliongea habari za mahindi yaliyozama. Tulipofika kwenye tuta la barabara nikasimama kushuka. Tope likanivuta mguu, nikayumba kuelekea majini.

Akanishika kifundo cha mkono. Kwelikweli, kama zamani.

Na mkono wangu ukageuka kuelekea kidole chake cha gumba, kiwiko kikakunjika, nikatoka, nikaanguka ndani ya mto.

Hapo maji yalikuwa ya kifuani tu, lakini yalikuwa yanakimbia, na mimi si mtu wa kuogelea. Alijitosa. Akanishika tena mkono ule ule, na Mungu ni shahidi yangu, mkono ukatoka tena. Sikuwa nimeuambia. Nilimeza maji yenye ladha ya kinyesi cha ng'ombe, nikaona tuta linanipita. Mara ya tatu alinishika kwa mikono yote miwili, uso wake karibu na wangu kuliko adabu yoyote inavyoruhusu.

"Mama, tuliza mkono," akasema. "Ni mimi. Ni mimi tu."

Hakuna hatua katika zile kumi inayokufundisha kutulia ukishikwa. Ilinibidi niitunge palepale. Nilikunja ngumi, nikaung'ang'aniza mkono usigeuke, nao ukawa unatafuta mlango mikononi mwake mpaka miguu yangu ikakanyaga tuta.

Tulikaa kwenye tuta tumelowa, kila mmoja akitazama upande wake. Yeye ndiye aliyekuwa na aibu. Mimi niliona kicheko kinanipanda, nikakizuia kwa ajili yake.

Maji yalipopungua, binti yangu akaniletea leso mpya na kuku jike mwekundu. Mumewe alimtuma, kwa sababu ya kunigusa. Nilimwambia hakuna aibu katika kumtoa mtu mtoni, akasema mumewe halali vizuri. Basi nikapokea, maana kukataa kungemuumiza zaidi. Kuku nilimfuga. Leso niliitandaza kitandani nikaiangalia, kisha nikaenda kuchukua mkasi.

"Mama, hiyo leso ni mpya," binti yangu akasema.

"Najua ni mpya. Ndiyo maana ina nguvu."

Nilikata utepe wa upana wa kiganja. Jumamosi nikauzungusha kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia mara mbili, nikaufunga, nikasimama mbele ya mkwe wangu na kumnyooshea.

"Shika leso," nikamwambia. "Umeinunua wewe mwenyewe."

Alijifuta viganja kwenye suruali. Kisha akashika leso, kwa viganja vyake vile vigumu, na sensei nyuma yetu akahesabu moja.

Mtahini kutoka Malindi alikuja wiki tatu baadaye na kalamu yake na fomu zake. Alipofika kwetu aliuliza kitambaa kile ni cha nini, kama nimeumia. Nikamwambia huyu ni mkwe wangu. Alimtazama kijana, akanitazama mimi, akasema haya, endeleeni. Tulifanya zote kumi, pamoja na teke langu la kuomba msamaha, na mkanda nikapewa.

Fomu ninayo bado, ndani ya kabati la sahani. Mbele ya hatua ya tatu ameandika: anafahamu mbinu, ila anachelewa kujitoa. Sensei alitaka kwenda kumlalamikia, kwa sababu anajua mkono wangu una haraka gani. Nikamwambia aache, yule bwana ameona sawa.

Siku ile ya mtihani mkwe wangu aliponishika, mkono ulikuwa tayari. Mimi ndiye niliyeuambia usubiri kidogo.