Kitenge cha Bosi

Juzi, mlangoni mwa duka moja Merrylands, mtaa wetu huku ugenini tulikohamia, nilimwona mbwa mkubwa wa nchi za barafu amejilaza kwenye vigae, anahema. Nikamkumbuka Bosi wetu, wa aina hiyohiyo, tuliyemchukua kwenye kituo cha mbwa walioachwa.

Mama alikuwa ameapa mbwa hataingia ndani. Mchana mmoja wa joto kali nilirudi kutoka shule nikamkuta Bosi sebuleni, amefunikwa gubigubi kitenge cha mama cha kanisani, kimelowa, kinanuka manyoya. Kwetu maiti ndiyo hufunikwa hivyo. Nikaangua kilio.

Leo najua kitambaa kibichi huzuia joto lisitoke kwenye manyoya mazito. Mama hakujua. Alikuwa sakafuni, akimpepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Nyamaza, hajafa. Jua la nchi ya watu halizoeleki upesi. Niulize mimi."